Derivativu mbili tu zinajuaje mwinuko wa pande zote?

NuktaSifuri (#1)
Wakuu, habari za usiku. Mwaka wa kwanza hapa, tumeingia kwenye kalkulasi ya vigeu vingi na kuna jambo limenikaa kooni tangu juzi.

Tumefundishwa kwamba ukiwa na f(x, y) unatafuta derivativu (kasi ya f kubadilika) kwa x huku y umeishika isisogee, kisha unatafuta kwa y huku x umeishika. Ukiziweka pamoja ni vekta (mshale wenye namba mbili), inaitwa gradienti. Hapo hapo tukaambiwa: ukitaka mwinuko wa upande wowote, chukua zao nukta (zidisha namba za x, zidisha za y, jumlisha) la gradienti na vekta kizio (yenye urefu 1) ya upande huo. Na gradienti yenyewe ndiyo inayoelekea kwenye mwinuko mkali kuliko wote.

Kuhesabu naweza. Kwa mfano f = x² + 3xy, nukta (1, 2). Kwa x napata 2x + 3y = 8, kwa y napata 3x = 3. Gradienti ni (8, 3). Sawa.

Nisichokielewa ni hiki. Nimepima mashariki, nimepima kaskazini, basi. Kaskazini-mashariki sijakanyaga. Huenda kuna bonde limejificha hapo katikati. Namba mbili zinapata wapi haki ya kusemea pande zisizo na idadi? Naomba sababu, fomyula ninayo.

KigeuHuru (#2)
Mbona nyepesi. Zao nukta la vekta mbili ni urefu wa kwanza mara urefu wa pili mara kosaini ya pembe kati yao. Vekta kizio ina urefu 1, kwa hiyo mwinuko = urefu wa gradienti × kosaini. Kosaini haizidi 1, na inafika 1 pale pembe ni sifuri, yaani ukielekea kule kule inakoelekea gradienti. Kwa mfano wako mwinuko mkali kuliko wote ni kipeuo cha pili cha 64 + 9, yaani kipeuo cha 73, kama 8.54. Ukigeuka pembe mraba unapata sifuri, unatembea tambarare. Ukigeuka kinyume kabisa unapata −8.54.

NuktaSifuri (#3)
Asante KigeuHuru, lakini umejibu nusu ya pili. Umeanza na "mwinuko ni zao nukta" kisha ukatoa matunda yake. Mimi nauliza hilo zao nukta lenyewe limetoka wapi.

MwlKontua (#4)
Swali zuri sana hili, na wengi wanamaliza shahada bila kuliuliza.

Sogea karibu. Chukua uso wa mlima, ukaze macho kwenye nukta moja, kuza picha mara 10, mara 100, mara 1000. Kama mlima ni laini, kila ukikuza unazidi kunyooka, mpaka unaona bapa tupu lililoinama. Na bapa lililoinama lina siri mbili tu: limeinama kiasi gani upande wa x na kiasi gani upande wa y. Ubao ukiujua mwinamo wake kwenye kingo mbili zinazokutana, umeujua wote, kwa sababu ubao haujikunji katikati. Mlinganyo wa bapa lako ni z = 7 + 8(x − 1) + 3(y − 2), ambapo 7 ni f(1, 2). Hakuna namba ya tatu ya kutafuta.

Kwa hiyo haki unayoiulizia haitoki kwenye zile derivativu mbili. Inatoka kwenye ahadi kwamba ukikuza utaona bapa. Ahadi hiyo ndiyo maana halisi ya kusema fankshoni "ina derivativu" pale kwenye vigeu viwili. Wanafunzi wanaichukulia kama sentensi ya kupamba nadharia, kumbe ndiyo nadharia yenyewe.

HatuaMbili (#5)
Namheshimu Mwalimu hapo juu ila mimi picha ya kukuza haikuwahi kunikaa. Nilielewa siku nilipotembea kwa miguu, kwa namba.

Unataka kwenda upande wa (3/5, 4/5), hatua ndogo ya 0.01. Usikate kona. Nenda kwanza 0.006 kwa x, halafu 0.008 kwa y. Unafika pale pale. Mguu wa kwanza unapanda 8 × 0.006 = 0.048. Mguu wa pili unapanda 3 × 0.008 = 0.024. Jumla 0.072, gawa kwa 0.01, mwinuko 7.2.

Sasa hakiki bila kalkulasi yoyote: f(1.006, 2.008) = 7.07218, toa 7 unapata 0.07218. Ukigawa kwa 0.01 ni 7.218. Fupisha hatua, itazidi kuikaribia 7.2. Zao nukta ni safari ya miguu miwili, kitu kingine hakimo.

NuktaSifuri (#6)
HatuaMbili, hii nimeishika. Lakini mguu wa pili hauanzii kwenye (1, 2), unaanzia (1.006, 2). Mbona umetumia 3 ile ile ya mwanzo?

HatuaMbili (#7)
Umeona mbali. Pale kwenye (1.006, 2) derivativu ya y ni 3 × 1.006 = 3.018. Kosa ni 0.018 mara hatua ya 0.008, dogo kiasi kwamba ukiigawa kwa 0.01 na kufupisha hatua linapotea. Linapotea kwa sababu derivativu yenyewe inabadilika polepole, hairuki.

ZaoMsalaba (#8)
Mmesahau njia ya tatu, na kwangu ndiyo nzuri kuliko zote. Acheni kupanda, tembeeni tambarare. Kila nukta inapitiwa na kontua, mstari ambao f haibadiliki. Ukikuza, kontua inanyooka. Mistari ya jirani yake nayo inanyooka na kuwa sambamba. Ukitaka kutoka mstari mmoja hadi mwingine kwa hatua fupi kuliko zote unafanyaje? Unakatiza kwa pembe mraba. Hatua fupi kwa kupanda kiasi kile kile ndiyo mwinuko mkali. Kwisha.

Mfano: x² + y² kwenye (3, 4). Kontua ni duara la nusu kipenyo 5. Gradienti ni (6, 8), inatoka kitovuni kwenda nje. Mguso wa duara hapo (mwelekeo wa mstari unaoligusa) ni (−4, 3). Zao nukta: −24 + 24 = 0.

BintiJira (#9)
Naomba niongeze la kwangu kabla uzi haujapaa. Kwenye jaribio letu tulipewa swali kama hili hili la NuktaSifuri, upande wa (3, 4). Nikafanya (8, 3) na (3, 4), 24 + 12 = 36, nikaandika 36 kwa furaha. Nikanyimwa alama zote. Vekta (3, 4) ina urefu 5, ilibidi igawanywe kwanza. Jibu ni 7.2.

Niliumia, lakini baadaye nikaona 36 haiwezekani hata kwa jicho: mwinuko mkali kuliko wote pale ni 8.54, sasa 36 ingetoka wapi? Tangu siku ile kila nikimaliza swali natafuta urefu wa gradienti kwanza kama dari. Jibu likipita dari, kuna mahali nimekosea.

KigeuHuru (#10)
BintiJira hiyo ya dari naichukua, asante.

Nirudi kwa MwlKontua. Hiyo "ahadi" naona unaikuza mno. Derivativu zote mbili zikiwepo, bapa lipo. Ukizipata tu, fankshoni ni laini hapo. Sisi tulifanya maswali mengi na hayakuwahi kugoma.

JichoKali (#11)
KigeuHuru, hayakugoma kwa sababu mlipewa polinomia (jumla za vipeo kama x² + 3xy). Jaribu hii:

f(x, y) = xy / (x² + y²), na kwenye (0, 0) tuipe thamani 0.

Tembea kwenye mhimili wa x: y ni 0, f ni 0 njia nzima. Derivativu ni 0. Mhimili wa y, vivyo hivyo, 0. Zote mbili zipo, gradienti ni (0, 0). Kwa fomyula, pande zote ni tambarare.

Sasa tembea kwenye mstari y = x. Unapata x²/2x² = 1/2, kila mahali isipokuwa pale katikati ambapo ni 0. Mlima unaruka kutoka 0 hadi nusu bila ngazi. Hauna hata mwendelezo, achilia mbali bapa. Kwa hiyo "zote zipo, basi ni laini" si kweli.

NuktaSifuri (#12)
Kumbe bonde langu lililojificha lipo kweli!

HatuaMbili (#13)
Hapo hapo ndipo miguu miwili inaonyesha ugonjwa uko wapi. Anza (0, 0), nenda h kwa x. Upo (h, 0). Derivativu ya y kwenye nukta hiyo, ukiihesabu, ni 1/h. Kwa h = 0.01 ni 100. Kwa h = 0.001 ni 1000. Wakati pale mwanzo ilikuwa 0! Kumbukeni swali la NuktaSifuri namba 6: mguu wa pili unaanzia kwingine. Kwenye polinomia tofauti ilikuwa 0.018, hapa tofauti inalipuka. Ndiyo maana vitabu vinadai derivativu ziwe na mwendelezo.

KigeuHuru (#14)
Nimekubali kushindwa kwa hilo, nafuta namba 10. Basi turekebishe: badala ya kupima pande mbili, pima pande zote. Kama mwinuko upo kila upande ukipita mistari iliyonyooka, bila shaka bapa lipo.

JichoKali (#15)
Bila shaka? Shika hii:

f(x, y) = x²y / (x⁴ + y²), na 0 kwenye (0, 0).

Chukua upande wowote (a, b). Weka x = ta, y = tb, gawa kwa t, acha t ielekee sifuri. Unapata a²/b kama b si sifuri, na 0 kama b ni sifuri. Kwa hiyo mwinuko upo kila upande bila kukosa. Lakini upande wa (3/5, 4/5) mwinuko ni 9/25 gawa kwa 4/5, yaani 0.45, na gradienti bado ni (0, 0) ambayo ingesema 0. Zao nukta limedanganya.

Kuna makubwa zaidi. Fanya b iwe ndogo sana, a ikaribie 1: a²/b inakua bila mwisho. Halafu b ikifika sifuri yenyewe, mwinuko unaanguka kuwa 0. Yaani kwenye nukta hii *hakuna* mwinuko mkali kuliko wote. Na ukiingia kwa kupita parabola y = x², f ni x⁴/2x⁴ = 1/2 mpaka mlangoni. Mistari iliyonyooka yote inakuambia unakaribia 0, parabola inakuambia nusu.

BintiJira (#16)
Nimeisoma namba 15 mara tatu, mara ya tatu kwa kalamu. Nimefika kwenye 0.45 mwenyewe. JichoKali ubarikiwe, ila leo hulali mpaka utuambie unazitoa wapi.

JichoKali (#17)
Si zangu. Mifano ya aina hii Giuseppe Peano, Mtaliano, alikuwa bingwa wake karne ya 19, wakati ambapo wanahisabati waligundua kwamba macho peke yake hayatoshi.

Mpandaji (#18)
Wakuu nauliza kutoka pembeni. Huwa nachora gradienti kama mshale uliolala juu ya ngozi ya mlima ukielekea kileleni. Niko sawa?

MwlKontua (#19)
Hapana, na hili ni kosa la wengi. Gradienti ya NuktaSifuri ni (8, 3), namba mbili. Inakaa kwenye ramani, chini, pamoja na x na y. Inakuambia uelekee wapi kwenye ramani, haipandi. Mshale unaougusa mlima una namba tatu: ukisogea 8 na 3 kwenye bapa, unapanda 8×8 + 3×3 = 73, kwa hiyo ni (8, 3, 73). Na mshale uliosimama wima dhidi ya mlima ni (−8, −3, 1). Hakiki: −64 − 9 + 73 = 0. Mishale mitatu tofauti, usiichanganye.

Mpandaji (#20)
Shukrani. Michoro yangu yote naifuta.

ZaoMsalaba (#21)
Tukiwa hapo hapo kwenye mishale, ni nani alileta hii habari ya vekta? Newton si ndiye?

MlinziWaHistoria (#22)
Newton mwaka 1687 alieleza nguvu mbili zinavyojumlishwa kwa msambamba, hiyo ni kweli, lakini aljebra ya vekta tunayoitumia haikuwepo. Neno "vekta" kwa maana hii, na "skala" (namba tupu isiyo na upande), ni la William Rowan Hamilton. Tarehe 16 Oktoba 1843 alikuwa anatembea kando ya mfereji huko Dublin akapata kwaternioni, namba zenye sehemu nne, akachonga kanuni yake kwenye jiwe la daraja: i² = j² = k² = ijk = −1. Mwaka uliofuata, 1844, Hermann Grassmann alitoa kazi yake Ujerumani, pana kuliko ya Hamilton, na karibu hakuna aliyeisoma.

Ukizidisha kwaternioni mbili zisizo na sehemu ya skala unapata vipande viwili: minasi zao nukta, na zao msalaba (vekta iliyo pembe mraba kwa zote mbili). Josiah Willard Gibbs wa Marekani na Oliver Heaviside wa Uingereza, kila mmoja kivyake, walivitenganisha vipande hivyo. Tunachosoma leo darasani ni urithi wao.

BintiJira (#23)
Ndiyo maana vekta kizio za mihimili tunaziita i, j, k! Miaka yote nadhani ni herufi tu zilizokuwa zimebaki.

Mpandaji (#24)
Na ile pembetatu iliyogeuzwa, ∇, inasomwaje? Mmoja darasani anasema "deli", mwingine "nabla".

MlinziWaHistoria (#25)
Yote mawili hutumika. Nabla ni jina la kinubi cha kale, kwa vile umbo linafanana. Na ∂ iliyopinda, alama ya derivativu hizi za kigeu kimoja kimoja, Legendre aliitumia 1786, ikaja kukaa baada ya Jacobi kuirudisha 1841.

FundiMsimbo (#26)
Nimesoma uzi wote kimya, sasa nina pingamizi zito. Mimi nafunza modeli za kompyuta, kila siku nashuka mlima wa makosa ya modeli kwa kufuata kinyume cha gradienti. Nawaambia: "mwinuko mkali kuliko wote" si mali ya mlima.

Chukua f = x + y, zote mita. Gradienti (1, 1), unaelekea nyuzi 45. Sasa x ipime kwa sentimita, iite X. f = X/100 + y. Gradienti mpya ni (0.01, 1), karibu yote inaelekea y. Mlima ni ule ule, mwelekeo "bora" umehama. Ndiyo maana sisi kabla ya kushuka tunasawazisha vipimo vya vigeu, la sivyo safari inayumba huku na huku kwenye bonde jembamba na haifiki.

ZaoMsalaba (#27)
Hapo umeonea, ndugu. Ukipima mhimili mmoja kwa mita na mwingine kwa sentimita, ramani yako imevutika. Miduara imekuwa duaradufu, pembe mraba si mraba tena. Kosa ni la ramani, gradienti haina hatia.

FundiMsimbo (#28)
Kwa ardhi nakubali. Sasa x iwe joto na y iwe kanieneo. Pembe mraba kati ya joto na kanieneo ni ipi? Digrii moja ni "ndefu" sawa na paskali ngapi? Hakuna ramani sahihi ya kurudia.

MwlKontua (#29)
FundiMsimbo ana hoja, na inanirudisha namba 4. Kisichobadilika ni bapa: mabadiliko = 8 × hatua ya x + 3 × hatua ya y. Badili vipimo, hizo 8 na 3 zitabadilika, lakini jibu kwa hatua ile ile halibadiliki. Kontua nazo hazibadiliki. Kinachohitaji rula ni kuugeuza huo mlinganyo kuwa mshale. Kwangu mlinganyo ndio kitu chenyewe na mshale ni kivuli chake.

ZaoMsalaba (#30)
Mwalimu, ukiniondolea mshale umeniondolea pembe mraba, na bila pembe mraba maelezo yangu ya namba 8 hayana miguu. Sikubali haraka hivyo. Fizikia nzima ya umeme na joto inatembea na mshale huo.

HatuaMbili (#31)
Yangu ya miguu miwili haihitaji rula wala pembe. Inasimama.

JichoKali (#32)
Polepole. HatuaMbili, wewe unadai derivativu ziwe na mwendelezo. Chukua r kuwa umbali kutoka (0, 0), na f = r² × saini (sin) ya 1/r, na 0 pale katikati. Saini haizidi 1, kwa hiyo f imebanwa kati ya −r² na r². Ukikuza, bapa linaonekana safi kabisa, tambarare. Gradienti (0, 0), na safari hii haidanganyi upande wowote. Lakini derivativu ya x ukiwa kwenye mhimili wa x, upande chanya, ni 2x saini(1/x) − kosaini(1/x), inayochezacheza kati ya −1 na 1 hadi mwisho. Mwendelezo hakuna. Bapa lipo, miguu yako miwili haikulitabiri.

NuktaSifuri (#33)
Kwa hiyo mwendelezo wa derivativu unatosha, ila si lazima?

JichoKali (#34)
Naam.

HatuaMbili (#35)
Nimeikokotoa, JichoKali yuko sahihi. Lakini naona mguu wenyewe haukukosea: ukihesabu kupanda kwa kila mguu moja kwa moja, bila kuweka derivativu, kila mguu unapanda chini ya mara mbili ya r² na jumla inaenda sifuri vizuri. Kilichokosea ni kubadilisha mguu kwa derivativu yake. Nadhani maelezo yangu yanaweza kuokolewa bila kuomba bapa la Mwalimu. Naandika, nitarudi na hatua zote.

MwlKontua (#36)
Ukizirudisha, angalia mstari ambao utasema "inaenda sifuri haraka kuliko r". Hapo utakuwa umeniomba bapa.